Telefone na tablo ya moto havisikilizani? Mambo ya kuangalia mbele ya kwenda garaji

Motari wa Kadutu anaishi kwa telefone kuliko kwa honi. Kiliya wa asubuhi anaita kutoka Nyamugo, mama mwenye kuuza sokoni anaita kutoka Nkafu apelekewe mizigo, mwenye moto naye anaita kuuliza versement ya siku. Na simu inaita saa gani? Saa ile moto iko inashuka, kiliya iko nyuma, mvua imetoka kunyesha na udongo unateleza. Hapo kuna wanaoingiza mkono mfukoni. Wote tumewaona, na wengine wetu tulikuwa nyuma yao.

Ndio sababu ya kupenda moto zenye tablo inayoungana na telefone. Jina la anayeita linatokea mbele yako, unajua kama ni mtu wa kusimamia ao wa kumwita baadaye, na mikono inabaki kwenye gido.

Lakini leo inaungana, kesho inakataa. Motari anakimbia garaji, na jibu analolipata mara nyingi ni moja: "Tablo ilikufa, yaya, tutafute ingine." Tablo ya aina hiyo ni kitu cha kuagiza mbali, na kila siku ya kungojea ni siku isiyo na versement. Mara nyingi tablo iko mzima kabisa. Shida iko ndani ya telefone, na dawa yake haiombi hata faranga mia. Hapa chini tunaeleza namna ya kutafuta wewe mwenyewe, ukiwa parking, ukingojea kiliya.

Anzia na jambo hili moja, juu linapita mengine yote: kopa telefone ya mwenzako. Mweke programu ya moto yako ndani, jaribu kuiunganisha. Ikiungana, tablo yako haina kitu, usikubali mtu aifungue. Telefone mbili za aina tofauti zikikataa zote, basi shida iko upande wa moto, na unaweza kuruka mpaka pale tunaposema juu ya batri.

Moto yako iko nayo kweli?

Swali linachekesha, lakini liko na maana. Moto nyingi zinazofanya kazi hapa kwetu, kama TVS Star HLX, Bajaj Boxer na Haojue za kubeba watu, ni moto za kazi. Kwa kawaida tablo yake ni ya mshale, haina chochote cha kusema na telefone. Hata tablo yenye namba za kuwaka si lazima iwe na Bluetooth. Kuna tablo nzuri, zinawaka rangi zote kama ekra ya televisheni, lakini ndani hazina antena hata kidogo.

Bluetooth ilianza kuingia kwenye moto za bei ya kati hivi karibuni tu. Kampuni ya TVS ya India iliiweka kwenye skuta yake NTORQ 125 mwaka wa 2018, kisha ikaipeleka kwenye Apache. Wengine nao wakafuata, kila mmoja na programu yake: TVS Connect, Honda RoadSync, Yamaha Y-Connect, Suzuki Ride Connect, Bajaj Ride Connect. Programu ya kampuni moja haiunganishi moto ya kampuni ingine. Tena ndani ya kampuni ileile, moto mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana: ile ya bei ya juu iko na Bluetooth, ile ya bei ya chini haina. Mtu anaona mwenzake anaonyeshwa majina ya wanaoita, anafikiri yake imeharibika, kumbe haikuzaliwa nayo.

Ili kujua, angalia mambo mawili. Kitabu cha moto, kama bado uko nacho, kinataja Bluetooth na jina la programu. Kama kitabu kilipotea, weka ufunguo, subiri tablo iwake, na utafute alama ile ya Bluetooth inayofanana na herufi B yenye ncha kali. Usitegemee sana orodha ya Bluetooth ya telefone: tablo nyingi za sasa hazitokei kule, zinaonekana tu ukitafutia ndani ya programu yenyewe. Hapa ndipo watu wengi wanakata tamaa bure.

Namna vinavyoongea

Bluetooth ni wimbi la redio, kama letu sisi wa redio, ila ni fupi sana. Linapita kwenye gigahezi 2.4 na linafika karibu mita kumi. Halili mega. Unaweza kuwa huna forfe hata moja, rezo imekatika mji mzima, na telefone ikaendelea kuongea na tablo. Kwa hiyo mwenye kukuambia "nunua mega kwanza" hajui kitu, isipokuwa kama unataka ramani.

Kitu cha kuelewa ni hiki. Kwenye moto nyingi telefone na tablo haviongei moja kwa moja. Katikati kuna programu. Ni kama kanisani mhubiri anapohubiri kwa Kifaransa na mkalimani anageuza kwa Kiswahili. Mhubiri iko, watu wako, vyombo vya sauti vinafanya kazi. Mkalimani akisinzia, hakuna anayesikia neno. Ndiyo unaona telefone inaandika kwamba imeunganishwa, lakini tablo haionyeshi jina la mtu: wimbi liko, mkalimani amelala ao amekatazwa kuongea.

Ruhusa, hapo ndipo penye mambo

Android inakataza programu kusikiliza simu zako, kusoma ujumbe wako ao kujua uko wapi, mpaka wewe mwenyewe ukubali. Siku ya kuweka programu, maswali yanatokea moja kwa moja, na mtu mwenye haraka anagusa "Refuser" ili yaishe. Kuanzia hapo programu imefungwa mdomo, na haitakuuliza tena mara nyingi. Ingia "Paramètres", kisha "Applications", chagua programu ya moto, kisha "Autorisations". Pale ndani kuna milango mitatu ao mine ya kuangalia.

Wa kwanza unategemea umri wa telefone. Kuanzia Android 12, iliyotoka mwaka wa 2021, kuna ruhusa inayoitwa "Appareils à proximité". Bila hiyo, programu haiwezi kugusa Bluetooth. Kwenye Android 6 mpaka 11, ruhusa hiyo haiko. Mahali pake telefone inaomba "Position", na haitoshi kukubali tu: lazima GPS yenyewe iwe imewashwa juu ya ekra. Motari wengi wanaizima ili kulinda batri, kisha wanashangaa kwa nini programu inatafuta moto na haiioni hata kama wameikalia. Si kwamba programu inataka kukufuata. Google iliona kwamba mtu anaweza kujua mahali uko kwa kusikiliza vyombo vya Bluetooth vilivyo karibu, kwa hiyo ikafunga mambo hayo mawili kwa kufuli moja.

Wa pili ni simu na majina: "Téléphone", "Contacts", mara ingine "Journaux d'appels". Ukikataa "Contacts", tablo itaonyesha namba tu pasipo jina. Ukikataa "Téléphone", haitaonyesha kitu. Juu ya hapo, jua kwamba tablo nyingi zinaonyesha simu za kawaida tu. Kiliya akikuita kwa WhatsApp, tablo inaweza kunyamaza, na hiyo si kuharibika.

Wa tatu haupo kwenye orodha ileile, ndiyo maana unasahaulika. Unaitwa "Accès aux notifications". Utafute kwa kuandika neno "notifications" juu ya "Paramètres". Bila huo, ujumbe na mishale ya ramani haitafika kwenye tablo.

Na hapa kuna jambo ambalo limewasumbua watu wengi wenye telefone za bei ndogo. Telefone zenye kumbukumbu kidogo, zile za gigabaiti moja ao mbili, zinatumia Android ya namna yake inayoitwa Go. Kwenye Go ya Android 10 na zile za mbele yake, mlango huo wa notification umefungwa na Google wenyewe. Unaweza kutafuta mpaka jioni, hautafunguka. Telefone hiyo haina ugonjwa, moto haina ugonjwa, ni kwamba hivi viwili havikutengenezwa kuishi pamoja. Angalia "À propos du téléphone" mbele ya kumlipa mtu akurekebishie.

Kwa wenye iPhone mambo ni mafupi. Kubali Bluetooth ndani ya programu, kisha ingia kwenye orodha ya Bluetooth, gusa alama ya i pembeni ya jina la moto, na uwashe "Partager les notifications système".

Inaungana, kisha inakatika kisha dakika kumi

Ukiona hivyo, karibu kila mara ni telefone inayolaza programu ili kulinda batri. Tecno, Infinix na itel, ambazo ndizo ziko mikononi mwa watu wengi hapa, ziko kali sana kwa jambo hilo. Ekra ikizimika, telefone inapita kama mlinzi wa usiku na kufunga kila kilicho wazi. Na sisi wenyewe tunaiongezea ukali: SNEL ikikata siku mbili, kila mtu anaweka "Économie d'énergie" na kusahau.

Hatukuambii uondoe ulinzi wote, batri yako itakwisha saa sita. Ondoa programu moja tu kwenye ulinzi. Ndani ya "Applications", programu ya moto, gusa "Batterie" na uchague "Sans restriction". Kisha fungua Phone Master, ile programu inayokuja na Tecno, Infinix na itel, tafuta mahali pa kuwasha programu zenyewe kwa zenyewe ("Démarrage automatique") na uikubalie. Mwisho, uache tabia ya kusafisha kila kitu kwa kidole kila mara unapoingiza telefone mfukoni. Ukifuta programu ya moto kule, mkalimani umemtoa kanisani kwa mkono wako mwenyewe.

Kufuta na kuanza upya, pande mbili

Kama ruhusa zote ziko na bado inakataa, futa urafiki wa zamani. Kosa la wengi ni kufuta upande mmoja tu. Telefone na tablo vilipokutana mara ya kwanza, kila kimoja kilitunza ufunguo wa siri. Ukifuta kwenye telefone peke yake, tablo bado inashika ufunguo wa zamani, na inamkataa mgeni mwenye ufunguo mpya hata kama ni wewe uleule.

Kwenye telefone, fungua orodha ya Bluetooth, gusa gurudumu pembeni ya jina la moto, kisha "Dissocier" ao "Oublier". Kwenye tablo, tumia kifungo chake ili ufike mahali pa Bluetooth na ufute telefone zote zilizotunzwa. Namna ya kubonyeza inatofautiana kwa kila moto. Zima ufunguo, zima telefone kabisa, iwashe tena. Sasa washa moto, fungua programu, tafuta moto kutoka mle ndani. Mara nyingi namba ya tarakimu sita itatokea kwenye ekra zote mbili. Zilinganishe vizuri mbele ya kukubali, zaidi ukiwa parking penye moto za aina moja, usije ukaunganisha telefone yako na moto ya jirani.

Moto ya "occasion" inaleta shida yake. Telefone ya mwenye zamani bado iko ndani ya tablo, na akipita karibu nawe pale Mosala ao Cimpunda, moto inaweza kumkimbilia yeye na kukuacha wewe. Tena kwenye kampuni zingine moto inaandikwa kwa jina la mtu ndani ya programu. Wakati wa kununua, mbele ya kutoa pesa ya mwisho, mwombe muuzaji aitoe moto kwenye programu yake macho yako yakiona. Akishaondoka hautampata tena kirahisi.

Programu ya kutumiwa na rafiki

Kuna wakati Play Store inaandika kwamba programu haipatikani katika nchi yako, juu kampuni haikuifungulia Kongo. Hapo rafiki mmoja kwenye grupu la WhatsApp anakutumia faili ya APK na kusema ni ileile. Inawezekana ni ileile. Inawezekana pia mtu ameifungua na kuongeza kitu chake.

Kumbuka ni nini unaipa programu hii: majina yako yote, simu zako, na kila ujumbe unaoingia. Ujumbe wa M-Pesa, wa Airtel Money, wa Orange Money unaingia kwa mlango huohuo. Namba ya siri ya mara moja inayotumwa ili kufungua WhatsApp yako kwenye telefone ingine nayo inapita pale. Programu ya uongo yenye ruhusa ya kusoma notification inaweza kuona vyote hivyo bila wewe kusikia hata mlio. Kuanzia Android 13, telefone yenyewe inafunga ruhusa hiyo kwa programu iliyotoka nje ya Play Store. Ndiyo sababu unaona kile kifungo kimekuwa cha kijivu na hakigusiki. Kuna vijana wanaojua kukifungua kwa nguvu. Maoni yetu ni kwamba jina la kiliya kwenye tablo halina bei ya kutosha kwa hatari hiyo. Uliza aliyekuuzia moto kama kampuni iko na programu ya kuonyeshwa katika Kongo, na kama haiko, tumia moto bila hiyo. Na programu yoyote ya moto ikikuomba namba ya siri ya pesa ya telefone, ifute palepale.

Shida ikiwa upande wa moto

Tablo yenye Bluetooth ni kompyuta ndogo, na kompyuta haipendi umeme unaopanda na kushuka. Unapopiga demarere, volti ya batri inaanguka kwa sekunde chache. Kama batri imechoka, tablo inazimika na kuwaka tena, na Bluetooth inakatika. Kwa hiyo washa injini kwanza, hesabu mpaka kumi, ndipo ufungue programu.

Fundi mwenye mita ya volti anaweza kujua ukweli kwa dakika mbili. Batri nzuri ya volti 12, moto ikiwa imezimika na kupumzika, inaonyesha karibu 12.6. Ikiwa chini ya 12 iko karibu kuwa tupu. Injini ikizunguka, mita inapaswa kupanda kati ya 13.5 na 14.5. Kama haipandi, moto haichaji batri, na kubadilisha tablo hakutasaidia kitu. Kama inapita 15, kimbia kutengeneza, juu umeme huo utachoma tablo kweli.

Angalia pia waya ulizoongeza mwenyewe: taa za mapambo, redio, mahali pa kuchajia telefone. Waya ikifungwa kwa mkono na plastiki, inatikisika kwenye mawe ya Kadutu mpaka inaanza kugusa na kuacha. Na wanaoosha moto kwa maji ya nguvu waambie wasipige nyuma ya tablo. Maji yakiingia kwenye plagi yake, fundi aifungue, aikaushe, asafishe kutu, na mara nyingi mambo yanarudi.

Saa inayochelewa

Tablo nyingi zinachukua saa kutoka kwa telefone. Kama yako inaonyesha saa moja nyuma, telefone iko kwenye saa ya Kinshasa. Kwenye "Date et heure", chagua Lubumbashi, ndiyo saa yetu ya mashariki. Kuvuka Ruzizi hakubadilishi saa, juu Rwanda iko na saa moja nasi, lakini telefone ikishika rezo ya kule ukiwa bado upande huu, ramani itakula uniti zako kwa bei ya ugenini. Pakua ramani ya Bukavu nyumbani mbele ya kutoka, na uzime "Itinérance".

Ukifika garaji

Kama umejaribu telefone mbili, ukafuta pande zote mbili, na volti ziko sawa, basi nenda garaji na umwambie fundi hivyo hivyo: nilijaribu hiki na hiki. Mwombe kwanza aangalie fizibo na plagi ya nyuma ya tablo. Uliza kampuni kama kuna programu mpya ya kuwekwa ndani ya tablo, juu mara ingine telefone ikipata Android mpya tablo ya zamani haiielewi tena, na hapo dawa inatoka kwa kampuni, haitoki kwa bisibisi. Na kama kweli tablo inabadilishwa, piga picha ya ile ya zamani ikiwa bado inawaka, uandike kilometa na tarehe kwenye karatasi za moto, maana ile mpya inaweza kuanza kuhesabu kwenye sifuri na hautajua tena ni lini ulibadilisha mafuta ya injini.